Kuhamia toleo jipya la GnuCash bila kupoteza daftari la zamani

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye maduka wameuandika usemi huo ukutani miaka nenda miaka rudi, lakini haukumfikiria mtu ambaye daftari analo, amelijaza kwa uaminifu tangu 2011, ila programu ya kulifungulia imezeeka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na mwenye kompyuta isiyokubali Windows 11 amebaki na njia mbili za kudumu: anunue nyingine au ahamie Linux. Vyovyote atakavyochagua, kwenye folda yake ya hati kuna faili la hesabu za nyumbani, za duka au za kikundi, nalo linamtia wasiwasi kuliko picha zote za harusi.

Swali analouliza ni moja: nikisakinisha toleo jipya, faili langu litafunguka? Karibu mara zote jibu ni ndiyo. Shida ni kwamba swali lenyewe halitoshi. Faili linaweza kufunguka vizuri leo, kesho likakatalia kwenye kompyuta ya zamani, na ripoti zako ulizozitengeneza kwa jasho zikawa zimebaki kwenye mashine uliyokwisha kuiuza. Kuna mambo matatu yanayochanganywa hapa, yaani programu, faili la hesabu na mipangilio, na kila moja lina njia yake ya kuhama.

Mfano wangu ni GnuCash. Ni programu ya bure ya kutunza hesabu, toleo lake la kwanza thabiti lilitoka 1998, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na kwa kuwa haidai ada wala usajili, wapo wanaokaa na toleo moja miaka kumi bila kuligusa. Programu nyingine za hesabu, Quicken na Microsoft Money, nitazifikia baadaye, maana huko mambo ni magumu zaidi.

Ndani ya faili kuna nini

Ukiiondoa GnuCash kwenye kompyuta, faili lako haliguswi. Linakaa pale ulipolihifadhi, mara nyingi likiwa na jina linaloishia kwa .gnucash, ingawa matoleo ya zamani hayakulazimisha mwisho wowote wa jina. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba faili hilo ni maandishi matupu ya XML, yaani data iliyopangwa kwa vitambulisho vinavyosomeka, yaliyobanwa kwa gzip ili yachukue nafasi ndogo. Chukua nakala yake (nakala, si lenyewe), ifungue kwa 7-Zip, programu ya kufungulia mafaili yaliyobanwa, kisha kilichotoka kifungue kwa Notepad. Juu kabisa utakutana na mistari kama hii:

<gnc:count-data cd:type="account">86</gnc:count-data>
<gnc:count-data cd:type="transaction">4127</gnc:count-data>

Hiyo ni idadi ya akaunti na idadi ya miamala. Programu yenyewe imeshakuhesabia, na namba hizo mbili ziandike mahali, tutazihitaji. Ukishuka chini utaona muamala mmojammoja: tarehe, maelezo, na pande zake mbili au zaidi. Kiasi cha fedha hakiandikwi kwa nukta bali kwa sehemu. Shilingi 45,000 za Tanzania au za Kenya zinaonekana kama 4500000/100, yaani senti milioni nne na nusu kugawa kwa mia. Kwa sarafu isiyo na senti kiasi hicho kingeandikwa 45000/1. Waandishi wa programu walifanya hivyo kwa sababu kompyuta ikihesabu desimali kwa njia yake ya kawaida hubakiza vipunje vya makosa, na mhasibu hataki vipunje.

Kwa hiyo hofu ya kwamba data itakufa pamoja na programu haina msingi hapa. Hata GnuCash ikitoweka yote duniani, mtu yeyote anayejua kuandika programu ndogo anaweza kuyasoma maandishi hayo na kukutolea orodha nzima. Upande wa pili wa jambo hilohilo haupendezi sana: GnuCash haina nywila ya kufungia faili. Flashi yenye nakala ya hesabu zako ikiokotwa, aliyeiokota anasoma mshahara wako kwa Notepad kama ulivyosoma wewe.

Kufungua hakudhuru, kuhifadhi kunabadilisha

Toleo la 5 linapofungua faili lililoandikwa na toleo la 2.4, linasoma kila kitu, linakigeuza kwenye kumbukumbu ya kompyuta kiendane na muundo wa sasa, na kukionyesha. Faili lililo kwenye diski bado ni lilelile. Unaweza kutembeatembea, kuangalia masalio, kuchapisha ripoti, kisha ukafunga bila kuhifadhi, na hakuna kilichotokea. Siku unapobonyeza kitufe cha kuhifadhi ndipo faili linaandikwa upya kwa namna mpya.

Na hapo ndipo kurudi nyuma kunapokuwa na masharti. GnuCash huweka ndani ya faili alama za vitu vipya lilivyotumia. Alama moja inasema kumbukumbu ya kutambua miamala inayoingizwa kutoka benki imepangwa kwa mtindo mpya, nayo inataka angalau toleo la 2.6.19. Nyingine inasema namna ya kupanga na kuchuja orodha ya miamala ya kila akaunti imehamishiwa kwenye faili la pembeni, inataka 3.3. Nyingine inahusu alama za jumlisha na toa kwenye bajeti, inataka 3.8. Toleo la zamani likikuta alama lisiyoijua linakataa kufungua na kukutajia kinachokosekana. Wengi huuchukia ujumbe huo, mimi nauona ni uungwana: afadhali programu ikatae kuliko ifungue nusunusu na kukupa salio la uongo.

Haya yote ni kwa faili la XML. Tangu toleo la 2.4, lililotoka mwisho wa 2010, GnuCash inaweza pia kuweka hesabu kwenye hifadhidata: SQLite, MySQL au PostgreSQL. Aliyechagua njia hiyo asome aya hii mara mbili. Kwenye hifadhidata hakuna kusubiri kitufe cha kuhifadhi, kila badiliko linaandikwa papo hapo. Toleo jipya likifungua hifadhidata ya zamani, majedwali yanaanza kurekebishwa wakati huohuo, na kufunga bila kuhifadhi hakukuokoi kwa sababu hakuna kilichokuwa kinasubiri kuhifadhiwa. Aidha, programu haijitengenezei nakala rudufu za njia hiyo kama inavyofanya kwa XML. Ushauri wangu kwa mwenye SQLite: ukiwa bado ndani ya toleo la zamani, tumia Save As, hifadhi kama XML, na ufanye safari yote kwa faili hilo. Ukishafika na kuridhika, rudi kwenye SQLite kama bado unaipenda.

Kuruka au kupanda ngazi kwa ngazi

Wanaotengeneza GnuCash hupendekeza kupita kila mfululizo mkubwa badala ya kuruka. Kwa mwenye 2.4, njia ni kusakinisha 2.6.21, toleo la mwisho la mfululizo wake, kufungua, kuhifadhi, kisha 3.11, kisha 4.14, kisha 5 ya sasa. Matoleo yote ya zamani bado yanapakuliwa kwenye hazina ya mradi huo SourceForge. Sababu ni kwamba msimbo wa kugeuza data ya kale hupimwa zaidi kwa mfululizo uliotangulia mara moja, na kwamba baadhi ya marekebisho hufanyika mara moja tu, kwenye mfululizo uliokusudiwa.

Kwa uzoefu, aliyetoka 3 kwenda 5 hana haja ya kusumbuka, na hata wa 2.6 wengi huruka salama. Hatua kwa hatua ni lazima kwa wenye mafaili ya enzi za 1.8 na kurudi nyuma. Mafaili hayo hayakutaja yanatumia usimbaji gani wa herufi, hivyo toleo la 2 kuendelea, likikuta herufi lisizozielewa, hukuuliza uchague. Kwa Kiswahili swali hilo hujitokeza mara chache kwa kuwa hatuna herufi zenye alama, lakini daftari lililoandikwa Bukavu au Bujumbura, lenye wateja wanaoitwa René na malipo ya électricité, litaulizwa, na jibu likikosewa majina yatatoka yameharibika. Mwonekano unaoonyeshwa pale kabla ya kuthibitisha usiupite haraka.

Kwenye Windows kisakinishi kipya kwa kawaida hulifuta toleo lililotangulia, kwa hiyo usitegemee kuwa na matoleo mawili sambamba kwenye mashine moja. Kama kompyuta ya zamani bado inawaka, iache kama ilivyo, fanya safari nzima kwenye ile mpya kwa kutumia nakala, na usiiuze bado.

Ushahidi kabla ya safari

Watu huchukua nakala rudufu, jambo jema, halafu hawachukui ushahidi. Nakala inakuwezesha kurudi. Haikuambii kama unahitaji kurudi. Programu mpya ikifunguka bila malalamiko na masalio yakionekana ya maana, utajuaje kwamba akaunti ya mkopo iliyofungwa 2016 haijapoteza kitu?

Kwa hiyo, ndani ya toleo la zamani, chapisha kama PDF mizania, yaani ripoti ya mali na madeni, ya tarehe mbili: mwisho wa mwaka uliofungwa, na leo. Chapisha pia taarifa ya mapato na matumizi ya mwaka mmoja kamili. Zile namba mbili za akaunti na miamala ulishaziandika. Kisha fungua dirisha la usuluhishi wa benki kwa akaunti unayoitumia sana, angalia salio la kuanzia, liandike, funga bila kukamilisha. Salio hilo ni kipimo kizuri ajabu, kwa kuwa linajumlisha miamala yote uliyowahi kuiwekea alama kwamba imelingana na taarifa ya benki. Likitoka sawasawa upande wa pili, ujue si fedha tu zilizofika, hata kazi yako ya miaka ya kulinganisha imefika.

Funga GnuCash kabisa kabla ya kunakili. Ukinakili folda huku programu ipo wazi, utabeba na kifaili kinachoishia kwa .LCK, na kompyuta mpya itakwambia faili linatumiwa na mtu mwingine. Si janga, lakini ni la kumtisha mtu bure saa tano usiku.

Upande wa pili sasa. Ukifungua faili kwenye toleo jipya, jambo la kwanza linaloweza kuruka mbele yako ni dirisha la miamala iliyopangwa: kodi ya nyumba ya kila mwezi, ada, mchango wa kikundi. Programu inataka kuiandika yote iliyofika tarehe yake tangu ulipofungua mara ya mwisho. Kataa kwa sasa. Ukikubali, masalio ya leo hayatalingana na PDF zako na utakaa ukitafuta kosa lisilokuwepo. Linganisha kwanza, miamala iliyopangwa itakusubiri.

Mwenye akaunti za dola, au za sarafu zaidi ya moja, alinganishe dola kwa dola na shilingi kwa shilingi. Jumla kuu ya mizania hutegemea bei ya kubadilishia iliyochaguliwa kwenye mipangilio ya ripoti, ama ya karibuni ama wastani wa gharama, na ripoti uliyoifungua upya inaweza isiwe na chaguo lilelile. Jumla kuu ikipishana huku kila akaunti kwa sarafu yake iko sawa, kilichobadilika ni chaguo la ripoti, wala si hesabu zako.

Baada ya hapo endesha amri ya Check & Repair kwenye akaunti zote. Hiyo hutafuta miamala isiyolingana pande mbili, na ikiipata huning'iniza tofauti kwenye akaunti inayoanza na neno Imbalance pamoja na kifupi cha sarafu, mathalani Imbalance-TZS. Miamala iliyopoteza akaunti yake huenda Orphan-TZS. Idadi ya akaunti ikiongezeka kwa moja au mbili, angalia hapo kabla ya kuilaumu programu mpya. Mara nyingi kasoro ilikuwepo tangu zamani na toleo la kale lilikuwa limenyamaza tu.

Visivyosafiri na faili

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapotokea. Faili la hesabu hubeba akaunti, miamala, bei, bajeti, miamala iliyopangwa, wateja na ankara. Halibebi ripoti ulizozihifadhi kwa jina lako, wala muundo wa tarehe, wala upana wa safu.

Ripoti zilizohifadhiwa zinakaa kwenye folda ya programu, ndani ya faili ambalo jina lake linaanza na saved-reports. Kwenye Linux, mpaka mfululizo wa 2.6 folda hiyo ilikuwa .gnucash ndani ya folda ya mtumiaji. Kuanzia 3.0, ya mwaka 2018, imehamia .local/share/gnucash. Ukipandisha toleo kwenye kompyuta ileile, GnuCash hujihamishia yenyewe mara ya kwanza inapowaka. Ukihama kompyuta, hakuna anayekuhamishia, unanakili mwenyewe. Kwenye Windows, kuanzia 3.0, folda inakaa ndani ya AppData, ambayo imefichwa. Matoleo ya karibuni yanakuonyesha njia yake kwenye dirisha la About, chini ya menyu ya Help.

Mapendeleo ya jumla kwenye Windows hukaa kwenye rejista ya mfumo, si kwenye faili la kunakilika kirahisi. Sishauri mtu apambane nayo. Piga picha za skrini za kurasa za mapendeleo kwenye mashine ya zamani, uziweke upya kwa mkono kwenye mpya, basi.

Kwa waliotoka Quicken au Microsoft Money

Programu hizi mbili zilikuwa mahasimu wakubwa. Microsoft ilitaka hata kuinunua Intuit, wenye Quicken wa wakati huo, ikaachia Mei 1995 baada ya Wizara ya Sheria ya Marekani kulipinga jambo hilo mahakamani. Money ilizaliwa 1991, mauzo yakakoma Juni 2009, na 2010 Microsoft ikatoa toleo la bure la kuagia, Money Plus Sunset, lisilohitaji kuthibitishwa mtandaoni. Kwa mwenye faili la .mny hilo ndilo kimbilio: linafungua mafaili ya kale na kuyatolea nje. Quicken ipo hai, lakini tangu toleo la 2018 inauzwa kwa kulipia muda, na mwenye faili la miaka ya 1990 hawezi kurukia toleo la leo. Kuna matoleo ya kati, likiwemo la 2004, ambayo kazi yake iliyobaki ni kugeuza mafaili hayo. Kumbuka pia kwamba data ya Quicken ya zamani ni kundi la mafaili yenye jina moja na miisho tofauti. Ukibeba lile la .QDF peke yake umebeba pungufu.

Kutoka huko kuja GnuCash, chombo cha kawaida ni QIF, muundo wa kizamani unaoonekana hivi:

D3/4/09
T-45000.00
PDuka la dawa
LMatibabu
^

Tarehe, kiasi, mlipwaji, kundi la matumizi, na kikofia cha kufungia. Urahisi wake ndio ubaya wake. Tarehe hiyo ni tarehe 3 Aprili kwetu, lakini kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani iliandika ikimaanisha Machi 4, na faili halisemi ni ipi. GnuCash huuliza inapoona utata. Kabla ya kujibu tafuta muamala mmoja ambao siku yake unaijua kwa yakini. Tena QIF haina namba ya utambulisho ya muamala, hivyo ukiingiza faili moja mara mbili hakuna kitu cha uhakika cha kutambulia marudio. Muundo wa OFX, ulioanza 1997, uliweka namba hiyo, ila benki nyingi za kwetu hutoa taarifa kwa PDF au Excel, na historia ya miaka hiyo wengi waliiandika kwa mkono.

Money hutoa QIF ya akaunti mojamoja. Ukihamisha laki moja kutoka benki kwenda M-Pesa, muamala huo utatokea kwenye faili la benki na tena kwenye faili la M-Pesa. Ukiingiza faili la kwanza leo na la pili kesho, unaweza kuishia na uhamisho mara mbili. Pakia mafaili yote kwa pamoja kwenye hatua moja, maana kiingizaji cha GnuCash kimetengenezwa kuoanisha pande hizo mbili, kisha pitia orodha ya vilivyooanishwa. Ni kazi ya kuchosha, lakini haiepukiki.

Kwa sababu hiyohiyo, anayetoka GnuCash ya zamani kwenda mpya asishawishike kupitia CSV (jedwali la maandishi lenye mikato) au QIF eti ili aanze na faili safi. Utapoteza miamala iliyopangwa, bajeti, ankara, na kumbukumbu ya benki, bila kupata chochote ambacho Check & Repair isingekupa.

Baada ya kuridhika

Kila unapohifadhi faili la XML, GnuCash huacha kando yake nakala ya hali iliyotangulia, jina likiwa na mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Watu huziona na kujisikia salama. Lakini mpangilio wa awali ni kuzifuta zikitimiza siku 30. Kosa lililoingia wakati wa kuhama likigunduliwa mwezi wa pili, pengine unapofunga robo mwaka au mweka hazina mpya anapokagua vitabu, nakala za kabla ya kuhama zilizokuwa kwenye folda hiyo zitakuwa zimekwenda.

Muda huo unaongezwa kwenye mapendeleo, hata kuwa milele. Juu ya hilo, faili la mwisho la toleo la zamani lipe jina lisilofanana na la sasa, lenye namba ya toleo ndani yake, ulitoe kwenye folda hiyo na kuliweka kwenye diski ya nje pamoja na zile PDF na kisakinishi cha toleo la zamani. Kisakinishi hakichukui nafasi kubwa kwenye diski. Kompyuta ya zamani iuze baada ya kukamilisha usuluhishi wa benki wa mwezi mmoja kamili kwenye ile mpya.